Modeli za tabianchi na ushahidi wa miamba, tuamini kipi?

mwana_miamba: Wakuu salaam. Nimekuwa nasoma habari za enzi ya Eosini, kama miaka milioni 50 iliyopita, dunia ilikuwa ya moto kwelikweli mpaka kisiwa cha Ellesmere kule juu Kanada wamekuta visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe) vya jamii ya mamba. Sasa kinachonichanganya, modeli za kompyuta ukizijaza hewa ukaa nyingi zilikuwa zinapasha sana ikweta huku ncha za dunia zinabaki baridi, na vipimo vya miamba vikasema kinyume, ncha joto, ikweta kawaida tu. Kama ya zamani zinashindwa, ya mwaka 2100 tutaziamini vipi? Nauliza kwa nia njema.

PwaniKusini: Mkuu, nusu ya jibu lako ilitoka hapahapa Bongo, Kilwa na Lindi. Joto la bahari ya enzi hizo linapimwa kwa isotopu za oksijeni (aina za oksijeni zenye uzito tofauti, uwiano wake hubadilika na joto la maji) kwenye maganda ya foraminifera, viumbe vidogo sana vya baharini. Vipimo vya zamani vilikuwa vinaleta nyuzi 15 mpaka 23 kwa bahari za tropiki, yaani baridi kuliko leo wakati kwenye ncha karibu hakuna barafu, haiingii akilini kabisa. Mwanasayansi Paul Pearson na wenzake wakachukua maganda ya kwetu, haya yalizikwa kwenye udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, ukiyaweka kwenye hadubini yanapitisha mwanga kama kioo. Yale ya sakafu ya bahari kuu ni meupe yasiyopenya mwanga kwa sababu yaliyeyuka yakajijenga upya kwenye maji baridi ya chini, kwa hiyo watu walikuwa wanapima ubaridi wa chini wakidhani ni joto la juu. Majibu ya Kilwa na Lindi yakatoka 2001, nyuzi 28 hadi 32 kwa uchache. Kwenye ikweta modeli haikuwa na kosa.

Dk_Mawingu: Nakubaliana na Pwani ila tusizipe modeli ushindi wa bure. Suala la ncha lilibaki, na tatizo kubwa ni jinsi modeli zinavyoiga mawingu. Modeli ya CESM2 ya Marekani inaiga karne ya 20 vizuri tu, lakini 2020 walipoipeleka Eosini kwa hewa ukaa mara tatu ya kabla ya viwanda, nchi kavu ya tropiki ikapita nyuzi 55. Hapo mmea hauwezi kujitengenezea chakula, na visukuku vinaonyesha msitu wa mvua ulikuwepo! Ungeiangalia kwa miaka 100 iliyopita peke yake usingeona hilo kosa.

mwana_miamba: Aisee, kumbe. Sasa hiyo 2100?

Dk_Mawingu: Ndio maana IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, kwenye ripoti ya 2021 hawakutegemea modeli peke yake, waliweka na ushahidi wa zamani, wakasema hewa ukaa ikiongezeka mara mbili joto litapanda kati ya nyuzi 2.5 na 4. Modeli zinazoruka juu ya hapo, kama hiyo CESM2, zilipewa uzito mdogo.