Kaunti haijalipa tangu mwezi wa tisa, loni zinaniandama. Nianzie wapi?

mtu_wa_maabara
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mfanyakazi wa kaunti, gani sitasema juu bado nataka kazi yangu, niko maabara kwa hospitali na naishi Umoja, Nairobi, na familia. Mshahara wa mwezi wa tisa ndio wa mwisho tumeona, wa kumi na wa kumi na moja hakuna, na kila ukiuliza unaambiwa pesa iko njiani. Kazini bado tunaenda, damu ya mgonjwa haingojei Hazina Kuu.

Shida yangu si chakula sana, mama watoto ana kibanda cha chapo maharagwe hapa karibu na steji kwa hivyo watoto hawalali njaa. Shida ni madeni. Sacco, chama chetu cha akiba na mkopo, wananikata 11,400 kwa pesilipu, benki 9,000 inajitoa yenyewe kwa akaunti tarehe tano, Fuliza, ile ya kukopa ndani ya M-Pesa, nishaivuta mpaka mwisho, na kuna apu mbili za mikopo nilikopa mwezi jana kulipa nyumba, hizo sasa zinapiga simu asubuhi kabla hata sijanawa uso. Nyumba ni 14,000. Kijana wa kwanza anaingia gredi ya 10 Januari.

Wiki hii mama watoto amepokea pesa ya merry-go-round, ile ya kuchangiana kwa zamu, elfu kumi na saba. Tumebishana jana mpaka usiku, yeye anasema tulipe nyumba, mimi naona tumalize hizo apu kwanza ili simu zinyamaze. Mngefanya aje?

dawati_la_loni
Mama watoto ako sawa, lipa nyumba. Nilikaa upande wa loni za benki miaka kadhaa kabla nitoke na kitu nilikuwa naona kila siku ni mtu analipa anayepiga kelele zaidi, sio anayeweza kumuumiza zaidi. Apu zinapiga simu juu hawana kitu kingine cha kushika kwako. Landlodi ana kufuli.

Sasa hiyo ya benki ndio ushughulikie kabla tarehe tano ifike, sio baada. Enda HR uitishe barua inasema wewe ni mfanyakazi wao na mshahara wa Oktoba na Novemba haujalipwa, iwe na muhuri, ubebe na pesilipu tatu za mwisho, uende tawini uombe wapange loni upya, ama wakusimamishie prinsipo, yaani deni lenyewe, miezi miwili mitatu ulipe riba pekee. Hawatakupa kila kitu lakini ukija mapema una jina la mteja. Loni ikishafika siku tisini bila kulipwa inahesabiwa mbovu, faili inatoka kwa dawati letu inaenda kwa watu wa kudai, na hapo hakuna mtu wa kuongea naye lugha ya upole. Pia kuwekwa CRB, kwa orodha ya wasiolipa loni, hakutokei usiku mmoja, mkopeshaji anafaa kukupatia notisi ya siku thelathini kabla apeleke jina lako, kwa hivyo hiyo meseji ya "jina lako linaenda CRB leo saa kumi" ni ya kukutisha tu.

Na tafadhali usikope tena kulipa deni. Fanya hesabu uone. 10,000 ya M-Shwari, ule mkopo wa simu, ni 7.5% kwa mwezi, yaani 750, na usipolipa siku thelathini zikiisha wanakupiga 7.5% nyingine kwa salio. 10,000 hiyo hiyo kwa sacco nyingi ni 1% kwa mwezi kwa deni linalobaki, mia moja mwezi wa kwanza halafu inashuka. Hustler Fund, mkopo wa serikali, ni 8% kwa mwaka so kwa siku 14 ni kama shilingi 31, ila kumbuka wanakatia 5% kama akiba, ukiomba 10,000 mkononi unapata 9,500, na watu wengi limiti yao haifiki hapo. Apu sitaki hata kusema.

jua_kali_damu
Aaah kumbe hata nyinyi wa pesilipu mnalia 😂 mkiwa na kazi ya serikali mlikuwa mnatuambia sisi wa jua kali hatuna fyucha. Karibuni huku nje buda, kwetu kila mwezi ni mwezi wa tisa. Toa hizo elfu kumi na saba uongeze stoki ya kibanda, deni litajilipa.

nesi_wa_zamani
@jua_kali_damu cheka tu, siku utaletwa hospitali ukose wa kukupima malaria ndio utajua mshahara wa huyu unakuhusu. Lakini kwa kibanda sijakataa, ni kweli kinaweza kuongezwa, ila si kwa pesa ya nyumba.

Kaka mimi tumekosa mshahara na bwanangu wote wawili wakati mmoja juu tulikuwa kaunti moja, kwa hivyo naongea nikijua. Ya kwanza, landlodi usimtumie meseji. Enda umuone, ama umuone keateka, msimamizi wa ploti, kama mwenyewe haishi Nairobi, na uende na kitu mkononi. Sisi tulipeleka nusu na tukasema tarehe ya nusu ingine, na tukasema ukweli kwamba hiyo tarehe ni ya merry-go-round sio ya mshahara. Mtu wa nyumba anachoogopa ni kudanganywa, na ako na wapangaji wengine wa serikali kwa ploti hiyo hiyo, amesikia hadithi zote. Wewe una elfu kumi na saba, peleka kumi na nne yote mwezi huu kama unaweza, ndio mwezi wa kwanza ukikwama uwe na uso wa kuongea.

Ya pili karo. Usingoje barua ya shule ikifika ndio uanze kushtuka, enda kwa mhasibu wa shule kabla wafungue, uombe kulipa kidogo kidogo na wakuandikie. Na uulize ofisi ya MCA, yaani diwani wa kaunti, na ya CDF, mfuko wa eneobunge, fomu za basari za kusaidia karo zinatoka lini, watu wa pesilipu huona aibu kuchukua hizo fomu, aibu ya nini na mfukoni hakuna kitu.

Chakula umesema mko sawa lakini Disemba ni ndefu. Sisi tulikuwa majirani wanne, mmoja anaamka alfajiri anaenda soko la Marikiti analeta gunia la viazi na neti ya kabeji tunagawana kwa ngazi pale chini, kila mtu na beseni yake, na kelele nyingi ya nani amepewa ndogo. Maharagwe nilikuwa nachemsha mara moja Jumapili kwa jiko la makaa, sufuria kubwa, nagawa kwa vikopo, gesi ya kilo sita inabaki ya chai na kupasha tu. Na hii najua hutapenda: Krismasi ya ushago msiende. Nauli ya Disemba inapanda karibu mara mbili na ukifika huko wewe ndio "wa serikali", kila mtu anakungoja na mkono.

Kitu kingine watu husahau, bonyeza *147# uangalie kama SHA yako, bima ya afya ya serikali, bado inaonyesha michango imelipwa. Kaunti isipolipa mshahara na ile 2.75% haiendi, unaweza kugundua ukiwa kaunta ya hospitali na mtoto mgongoni.

shemeji_yuko_majuu
Nimesoma hii nikamkumbuka ndugu ya bibi yangu, ako Marekani anakagua abiria kwa uwanja wa ndege. Mwaka wa 2025 serikali yao ilifungwa, bajeti ikiwa haijapita, kuanzia Oktoba 1 mpaka Novemba 12, siku 43, ikapita zote zilizokuwa zimetokea kabla, iliyokuwa ndefu zaidi kabla yake ilikuwa siku 35 kuanzia Disemba 2018 mpaka Januari 2019. Alikuwa anaenda kazini kila siku bila mshahara juu kazi yake inahesabiwa ya lazima, kama hii yako ya maabara. Vile alikaa: alipigia kampuni ya gari na ya nyumba wiki ya kwanza kabla akose hata malipo moja, halafu chama chao cha akiba na mkopo, ambacho ni sacco tu kwa jina lingine, kikampatia mkopo bila riba mpaka mshahara urudi.

Tofauti ni hii. Wao wakati wa ile ya 2019 walitunga sheria kwamba serikali ikifunguliwa mfanyakazi analipwa zote za nyuma. Wale wa kontrakti kama wafagizi na walinzi hawamo, hao huumia kabisa. Hapa kwetu kitaalamu serikali haiwezi kufungwa hivyo, katiba kifungu cha 222 inaruhusu Bunge kutoa mpaka nusu ya makadirio hata kama sheria ya matumizi haijapita. Lakini kaunti ndio hukwama, na kifungu cha 219 kinasema wazi mgao wa kaunti utumwe bila kuchelewa isivyofaa na bila kukatwa. 2019 Seneti na Bunge la Taifa walivutana juu ya ugavi wa mapato mpaka Septemba ndio wakakubaliana bilioni 316.5, na mwaka wa fedha ulikuwa umeanza Julai. Katikati hapo mfanyakazi anakula nini, hakuna aliyeuliza.

Cha kufanya na hiyo habari: ukienda benki usiseme "nimeishiwa", sema mwajiri amechelewa na pesa inakuja. Ni vitu viwili tofauti kwa mtu wa loni.

mtu_wa_maabara
Asanteni sana, nyumba nimelipa leo asubuhi, mama watoto anatembea hapa kama gavana. Tawi la benki naenda kesho na barua.

Sasa kumetokea kingine. Mdhamini wangu wa sacco amenipigia, ametumiwa meseji kwamba loni yangu iko nyuma na yeye ataanza kukatwa. Na huyo mdhamini tunafanya kazi mezani pamoja, pia yeye hajalipwa! Kibaya zaidi, pesilipu ya mwezi wa nane inaonyesha nilikatwa 11,400 vizuri kabisa lakini steitimenti ya sacco mwezi huo ni sifuri. Nifunge akaunti ya sacco hizi akiba zikalipe loni tuachane?

mweka_hazina
Usifunge. Niko kamati ya sacco moja (si yenu nadhani) na hii tunaona sana. Ukijitoa, nyingi zina notisi ya siku 60, halafu akiba zako zinalipa loni na unabaki bila akiba ya kukopea mara tatu yake kama kawaida, wakati shida bado iko. Pia wewe nawe umedhamini watu, ama? Huwezi kutoka kama bado umeshikilia wengine.

Hiyo ya mwezi wa nane ni maneno tofauti kabisa na hii ya Oktoba na Novemba, usizichanganye kwa barua moja. Oktoba na Novemba hujalipwa, hapo unaomba muda. Mwezi wa nane ulikatwa na pesa haikufika, hilo ni deni la mwajiri, sheria ya ajira ya 2007 inamtaka akishakata apeleke. Toa kopi ya pesilipu, zungushia ile laini ya 11,400 na kalamu, ambatanisha steitimenti, andikia meneja wa sacco uombe faini ya mwezi huo iondolewe na waandikie kaunti wenyewe. Kopi kwa HR na kwa chama chenu cha wafanyakazi. Pata muhuri wa kupokea kwa kopi yako, bila muhuri hiyo barua haikuwahi kuandikwa. Na mkienda, enda na huyo mdhamini, kama mko wengi kwa idara hiyo nendeni wote, waambieni kukata mdhamini ambaye pia hana mshahara haisaidii, watakuwa wanahamisha shimo tu.

dawati_la_loni
Naongezea moja kwa sababu hapa ndio watu huumia: siku malimbikizo ya mshahara yataingia. Miezi miwili ama mitatu inaingia kwa akaunti pamoja, saa hiyo hiyo benki inavuta 9,000 mara ngapi sijui na faini zake, unaamka unapata mia nane. Kwa hivyo kesho ukiwa tawini, uliza kwa maandishi watatoa ngapi kwa mara moja pesa ikiingia. Wakuambie kabla. Na Fuliza, pesa ya kibanda usiipitishie kwa laini hiyo, chochote kikiingia inajilipa kwanza, mama watoto apokee kwa laini yake.

jua_kali_damu
Hiyo ya laini nimeijua leo, kumbe ndio maana wateja wangu hulipa nikikaa bila doo. Buda wa maabara hapo nilikuwa nacheka tu, hicho kibanda kiko upande gani wa Umoja? Niko na vijana sita wa mjengo hapo Innercore wanatafuta mtu wa kuwapikia saa sita kila siku, wanalipa Jumamosi.

mtu_wa_maabara
Nakutumia namba ya mama watoto inboksi. Lakini Jumamosi ni Jumamosi?

jua_kali_damu
Saa tisa mchana, kesh mkononi, foromani mwenyewe ndiye analeta.