Diploma ya Shanzu au digrii ya ualimu wa msingi? Nalipa Ijumaa

BintiMtongwe
Salaam nduzanguni. Nataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi, hilo nimeshaamua. Nina nafasi mbili mkononi na Ijumaa lazima nilipe moja la sivyo naipoteza. Ya kwanza ni diploma ya miaka mitatu pale chuo cha ualimu cha Shanzu. Ya pili ni digrii ya elimu upande wa msingi, miaka minne, tawi la chuo kikuu cha binafsi hapa mjini Mombasa, masomo jioni na Jumamosi. Halafu kuna rafiki yangu ananing'ang'ania niache zote mbili niombe Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, nisomee ualimu wa sekondari, kisha niingie JSS (sekondari ya chini, Gredi ya 7 hadi 9). Nichague ipi? Naomba majibu ya waliopitia, si ya kusikia.

MaalimChaani
Waalaikum salaam. Binti, bado hujatuambia kitu. KCSE, mtihani wa fomu four, ulipata ngapi? Na si gredi ya wastani peke yake, taja somo moja moja. Karo analipa nani? Mchana unafanya kazi au uko nyumbani? Mtu hauliziwi kiatu bila kutajwa namba ya mguu.

MamaKisauni
Shanzu. Usipoteze wakati. Mimi nimetoka hapo zama za P1, kile cheti cha zamani cha ualimu wa msingi, na nikiingia darasa la watoto wadogo najua nafanya nini. Hawa wa digrii wanakuja na nadharia za watu wa Ulaya, mtoto wa Gredi ya 1 akijikojolea wanatafuta wapi imeandikwa.

KijanaTudor
Mama Kisauni, kwa heshima, P1 ilishafutwa. Diploma ndiyo imechukua nafasi yake tangu 2021, na nyinyi wenyewe mliambiwa mrudi chuoni kuongeza elimu ili mfikie diploma. Leo serikali imeifuta P1, kesho itasema msingi ni digrii. Binti asome digrii moja kwa moja asirudi nyuma.

MamaKisauni
Nimerudi, nimemaliza, na cheti ninacho. Wewe unafundisha wapi, mwanangu?

KijanaTudor
Mimi si mwalimu, lakini dada yangu ni mwalimu.

MamaKisauni
Ahaa.

BintiMtongwe
Shukrani wote. Maalim, nilipata C+. Babangu atanisaidia karo.

MaalimChaani
C+ ndiyo gredi yako ya wastani, vizuri. Masomo je? Hili si swali la udaku. Diploma ya msingi inahitaji gredi C, hapo umepita. Digrii inahitaji C+, hapo pia umepita. Lakini ukienda njia ya sekondari na JSS, TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, wataangalia wastani wa C+ NA C+ katika yale masomo mawili utakayofundisha. Kuna watu wamemaliza miaka minne, wamevaa joho, wamepiga picha Fort Jesus na familia nzima, kisha wakafika TSC wakaambiwa somo moja lina C tupu. Chuo kilichukua pesa, TSC wakakataa kusajili. Chuo kikuu na TSC hawapimi kwa kipimo kimoja.

Pwani_Si_Kenya_Ni_Pwani
Na huyo babako atasaidia kwa mpigo au kidogo kidogo? Hilo lina maana kubwa kuliko gredi. Ukiwekwa na KUCCPS, wale wa serikali wanaopanga wanafunzi vyuoni, katika chuo kikuu cha umma, unaweza kuomba ufadhili wa serikali pamoja na mkopo. Chuo cha binafsi ni mkopo peke yake, na hapo ni kama KUCCPS wenyewe ndio waliokuweka. Ukijipeleka mwenyewe tawi la mjini, jioni na Jumamosi, karo ni ya kwako na mfuko wako.

ZuhuraB
Nimekuwa nikisoma humu bila kuandika, ila hapo kwa "tawi la mjini, jioni na Jumamosi" imebidi niingie.

Mimi nilisoma hivyo hivyo. Jina la chuo sitaji. Ghorofa ya juu, chini yake duka la simu, muziki mpaka usiku. Wahadhiri wengine walikuwa wanakuja kutoka Nairobi wikendi, na wikendi ambayo hawakuja tulitumiwa maandishi kwenye simu tukaambiwa hilo ndilo somo. Hayo nilivumilia, nilikuwa nafanya kazi mchana na sikuwa na njia nyingine.

Shida yenyewe ilikuwa TP, yale mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa shule huku Miritini, nikakata chati, nikaandaa maazimio ya kazi na mpango wa kila kipindi, msimamizi nikaambiwa anakuja wiki ya pili. Hakuja. Wiki ya nne hakuja. Nikipiga simu naambiwa yuko Kwale, yuko Malindi, yuko njiani. Alitokea muhula unaisha, watoto wako kwenye mtihani, hakuna kipindi cha kufundisha. Mwalimu mkuu, Mungu ambariki, akaniazima darasa la Gredi ya 3 waliokuwa wamemaliza karatasi yao. Nikafundisha Mazingira watoto wakiwa wameshafunga mikoba. Msimamizi akasimama mlangoni, akaandika, akaenda zake.

Basi, zile alama hazikufika. Kwenye mfumo wao nilionekana sijafanya TP kabisa. Tawi la Mombasa likasema niulize makao makuu. Nikapanda basi la usiku, asubuhi makao makuu wakaniambia niulize Mombasa. Mahafali yakapita nikiwa nyumbani nawaangalia wenzangu kwenye simu. Alama zilikuja kuonekana kwenye faili la mwanafunzi mwengine ambaye jina lake la mwisho linafanana na langu. Kufikia hapo TSC walikuwa wametangaza nafasi, wameita watu na wamefunga, na mimi sina namba ya TSC kwa sababu bila cheti huwezi kujisajili.

Sisemi digrii ni mbaya, nafundisha nayo mpaka leo. Nasema kabla hujalipa Ijumaa, nenda kaulize wanafunzi wa mwaka wa nne pale pale: TP yenu ilisimamiwa na nani, mara ngapi, na alama zilionekana lini? Usimwulize yule wa kaunta ya usajili.

NahodhaMstaafu
Taja chuo, Bi Zuhura. Unawaficha kwa nini?

ZuhuraB
Cheti changu kimeandikwa jina lao, nitahitaji nakala siku moja. Niache.

MaalimChaani
Bi Zuhura amesema kweli tupu. Naongeza: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, wana orodha ya vyuo na kozi zilizoidhinishwa. Binti, angalia kozi yenyewe, usiangalie jina la chuo tu. Chuo kinaweza kuwa na kibali na kozi ile isiwe nacho.

KijanaTudor
Shanzu nako mambo hupotea. Kila mahali Kenya karatasi hupotea.

MamaKisauni
Diploma mtihani ni wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, si wa chuo. Karatasi yako inasahihishwa mbali na mwalimu wako. Ni tofauti.

MwalimuWaJSS
Mimi niko JSS, shule ya upande wa Jomvu. Huyo rafiki yako anayekwambia ukimbilie JSS, mwambie akueleze pia tulivyoishi. Tulianza intanshipu, ualimu wa mkataba wa muda, kwa KSh 20,000 kwa mwezi, wa msingi KSh 15,000. 2024 tukatoka madarasani, na mwaka huo huo mahakama ikasema intanshipu ile ni kinyume cha sheria. Januari 2025 ndipo wenzangu 46,000 wakaajiriwa kwa masharti ya kudumu. Leo mshahara upo, lakini mimi na digrii yangu ya Kemia nafundisha mpaka Kilimo, kwa sababu ratiba ina masomo kuliko walimu. Maabara ni meza moja na ndoo.

MamaKisauni
Na mkaingia shule za watu mkataka ofisi yenu, kengele yenu na mkuu wenu.

MwalimuWaJSS
Mama, hatukuomba kuwekwa shule za msingi. Tuliwekwa.

NahodhaMstaafu
Haya mambo ni ya vyama vya walimu, KNUT wa msingi na KUPPET wa sekondari, kugombania michango ya wanachama. JSS ikienda sekondari, KUPPET inashiba. Ikibaki msingi, KNUT inashiba. Mtoto yuko katikati hana mwalimu wa Hisabati.

MwalimuWaJSS
Michango siyo shida yangu. Shida yangu ni mwalimu mkuu ambaye hajawahi kuona burete ya maabara anayenikagua namna ya kufundisha jaribio la Kemia la taitresheni.

MamaKisauni
Na wewe hujawahi kumfundisha mtoto kusoma herufi ya kwanza. Tumelipana.

Pwani_Si_Kenya_Ni_Pwani
Turudi kwa binti jamani. Anauliza diploma au digrii, nyinyi mko kwenye maabara.

BintiMtongwe
Poleni nilikuwa kazini. Masomo yangu: Kiswahili B, IRE (dini ya Kiislamu) B+, Kiingereza C+, Biolojia C, Hisabati D+. Nafundisha shule ya binafsi Likoni, chekechea, bila cheti, mshahara ni mdogo. Nina mtoto wa miaka mitatu. Babangu yuko bandarini, analipwa kwa siku, kwa hivyo atatoa kidogo kidogo.

MaalimChaani
Sasa ndiyo umeuliza swali! Hayo yote ulikuwa umeyakalia.

Kwanza, Kiswahili na IRE kwa njia ya sekondari unaingia bila wasiwasi, umevuka C+ zote mbili. Ila walimu wa Kiswahili wametapakaa nchi nzima, foleni ni ndefu. IRE ndiyo itakayokuokoa huku kwetu, Lamu mpaka Kwale.

Pili, hiyo Hisabati D+. Mwalimu wa msingi hachagui masomo mawili, anafundisha yote, mpaka Gredi ya 6. Shanzu utafanya Hisabati utake usitake, na kwenye digrii ya msingi vile vile. Uko tayari?

BintiMtongwe
Hisabati ya watoto naiweza. Ile ya fomu four ndiyo ilinishinda.

KijanaTudor
Wote husema hivyo mpaka wafike kwenye sehemu na desimali.

ZuhuraB
Muache dada wa watu. Mtu aliyeihangaikia Hisabati huwaelewa watoto wanaohangaika. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Pwani_Si_Kenya_Ni_Pwani
Kwani umeshafikiria kubaki na hao hao watoto wadogo? Kuna diploma ya chekechea pia. Chekechea iko chini ya kaunti, si TSC, Katiba ya 2010 ilivyogawa. Unaajiriwa na kaunti ya Mombasa.

NahodhaMstaafu
Kwa kaunti uombe dua mshahara ufike kwa wakati.

BintiMtongwe
La, chekechea nimechoka nayo. Nataka msingi. Na je, nikiwa na digrii si nitalipwa zaidi ya wa diploma?

MaalimChaani
Hapo ndipo wengi huteleza. Mwalimu wa msingi huanzia daraja la mshahara B5. Ukija na digrii ukiwa tayari kazini, TSC hawakupandishi kwa sababu ya karatasi. Tangu miongozo mipya ya kupanda vyeo itoke, unapanda kwa muda uliotumikia, kwa usaili na kwa nafasi kuwepo. Wa sekondari mwenye digrii ndiye huanzia C2, daraja la juu zaidi. Kwa hivyo digrii ya msingi haikupi mshahara wa digrii. Inakupa mlango siku za usoni, na wenzetu kadhaa wa msingi waliokuwa na digrii na masomo yao mawili mazuri wamehamishiwa JSS kwa njia hiyo.

MamaKisauni
Kwa hivyo Shanzu. Nilisema tangu juu kabisa. Miaka mitatu, uajiriwe, digrii utaifanya likizo za Aprili, Agosti na Disemba ukiwa unalipwa. Vyuo vikuu vingi vinakupunguzia masomo ukija na diploma.

KijanaTudor
Uajiriwe na nani? Walimu wangapi wako nyumbani na namba za TSC kwenye droo?

MamaKisauni
Na wa digrii hawako nyumbani?

ZuhuraB
Binti, Shanzu ni bweni. Mtoto wa miaka mitatu utamwacha na nani? Hilo hakuna aliyekuuliza hapa, wanaume wanahesabu madaraja tu. Jioni mjini una shida ya TP, lakini usiku unalala na mwanao.

BintiMtongwe
Mamangu atakaa naye. Ila nilikuwa nauliza kama Shanzu wanaruhusu kutoka nyumbani kila siku. Likoni mpaka Shanzu.

NahodhaMstaafu
Likoni mpaka Shanzu kila siku! Feri asubuhi, foleni ya daraja la Nyali, kisha barabara ya Mtwapa na vumbi la ujenzi. Utafika somo la tatu.

MwalimuWaJSS
Kuna nyumba za chumba kimoja Shanzu na Majaoni, za bei ya wastani. Kama chuo kitakubali ulale nje, mama aje na mtoto mkae huko. Uliza ofisi ya mkuu wa wanafunzi kabla ya Ijumaa, usilipe kwanza.

BintiMtongwe
Kesho naomba ruhusa kazini niende Shanzu mwenyewe, nikirudi nipitie pale mjini nitafute hao wa mwaka wa nne. Kuna mtu anajua nyumba ya chumba kimoja Majaoni ni pesa ngapi siku hizi?

Pwani_Si_Kenya_Ni_Pwani
Inategemea kama unataka maji ya mfereji au ya mikokoteni.

NahodhaMstaafu
Maji ya mfereji Majaoni? Tangu lini?