Namuombaje bosi anipunguzie masaa ya kazi nisome masta ya jioni?

Binti_Mbezi
Habari zenu wakuu. Niko kampuni binafsi hapa Dar, ofisi iko Nyerere Road, mimi ni mhasibu, mshahara kabla ya makato ni laki 9. Nimepata nafasi ya masta ya jioni, chuo kiko Posta, vipindi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa 11. Sasa sisi tunaingia saa 2 asubuhi tunatoka saa 11 jioni, lunch ya lisaa limoja, Jumamosi mpaka saa 7 mchana, na ile foleni ya Tazara mnaijua, hata nikiruhusiwa saa 10 nafika watu wameshaandika kurasa mbili. Nataka nimuombe bosi zile siku tatu niwe natoka saa 9, akikata mshahara kidogo nakubali. Naogopa asije akaona sina moyo na kazi tena, halafu bodi ya mikopo bado wananikata na kodi ya nyumba iko pale pale. Naanza kwa mdomo au barua? Na sheria inasemaje?

kibarua_wa_mjini
Dada mimi ningekaa kimya. Private ukishasema unasoma wanakuhesabu kama mtu wa kuondoka, hata semina hupelekwi tena. Tafuta chuo chenye masomo ya wikiendi usome kimya kimya ukimaliza unaweka cheti mezani.

HR_wa_zamani
Hapo juu sikubaliani, mtu wa siku tatu kwa wiki atajifichaje? Utaanza uongo wa mara mgonjwa mara msiba na siku ukijulikana hakuna atakayekutetea. Sema mapema kabla hujalipa ada.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimlazimishi mwajiri kukupunguzia masaa kwa sababu ya shule, inaweka ukomo tu, masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Kwahiyo unaomba, hudai. Nimekaa HR muda mrefu na barua nilizoona zinakataliwa ni zile zinazoishia "naomba kupunguziwa masaa ili niendelee na masomo", basi. Bosi anabaki anajiuliza kazi ya jioni nani ataifanya, na asipopata jibu anasema hapana.

Usianze na kupunguza, anza na kuhamisha. Angalia, saa zako za sasa ni 8 mara siku tano, jumlisha 5 za Jumamosi, 45 kamili. Ukiomba kuingia saa 1 asubuhi kila siku, Jumatatu Jumatano na Ijumaa ukatoka saa 9, hayo ni masaa 7 baada ya kutoa lunch. Jumanne na Alhamisi unaingia saa 1 unatoka saa 11 kama wenzako, masaa 9 kila siku. Jumamosi uanze saa 1, utoke saa 7 ile ile, masaa 6. Jumlisha, 45 ile ile, mshahara haukatwi hata shilingi na hakuna siku umevuka 9. Mbezi kutoka alfajiri ni kazi najua, lakini asubuhi hiyo barabara inapitika.

Halafu ongea lugha ya kazi yake. Wewe mhasibu, PAYE (kodi ya mshahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri) zinatakiwa kufika tarehe 7, VAT tarehe 20. Mwandikie kabisa kwamba siku mbili kabla ya tarehe hizo utabaki mpaka kazi iishe hata kama kuna kipindi, na utaje nani atapokea simu za wateja kuanzia saa 9, na huyo mtu uwe umeshaongea naye. Omba majaribio ya muhula mmoja tu, bosi anaogopa kukubali kitu cha miaka miwili. Muone uso kwa uso kwanza, barua umpe siku hiyo hiyo. Akikubali, mabadiliko ya masaa yaandikwe na yasainiwe, maana akija meneja mpya makubaliano ya mdomo hayatambui na utaandikiwa barua ya utoro.

Hesabu_Kwanza
Kama atagoma kuhamisha na mkafika kwenye kukata mshahara, piga hesabu ya kinachobaki mkononi. Sasa hivi laki 9 toa NSSF (mfuko wa pensheni) 10% ni 90,000, PAYE 80,500, bodi ya mikopo 15% ni 135,000, unabaki na 594,500. Akishusha mpaka laki 7, NSSF 70,000, PAYE 42,000, bodi 105,000, unabaki na 483,000. Yaani laki mbili imekatwa lakini mkononi imepungua 111,500. Ila usifurahi haraka, deni la bodi litachelewa kuisha na NSSF yako inaingia kidogo, ya kwako na ya mwajiri. Na kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara waone kabla hujasaini chochote.

mwl_kijijini
Nyongeza tu. Akikataa kabisa usiache kazi wala shule, kuna Chuo Kikuu Huria, kipo tangu 1992 kwa ajili ya watu kama sisi, walimu wengi tumesomea huko tukiwa darasani. Na ile likizo ya siku 28 usiile Desemba, omba ianguke kwenye mitihani.

Binti_Mbezi
Asanteni sana jamani, hiyo ya kuhamisha sikuwahi kuifikiria kabisa. Kesho naongea na mwenzangu wa dawati la pili kuhusu simu, bosi namuona wiki ijayo tukishawasilisha VAT maana kabla ya hapo anakuwa moto. Swali la mwisho, akisema kampuni inilipie ada nikubali?

HR_wa_zamani
Soma kwanza karatasi atakayokupa. Mara nyingi wanakufunga ubaki kazini muda fulani baada ya kumaliza, la sivyo urudishe ada. Hakikisha imeandikwa ni muda gani, na kwamba deni linapungua kadri unavyozidi kutumikia, na wakikupunguza wao kazini hudaiwi. Kama hayo matatu hayamo, lipa mwenyewe.