Muuguzi wa miaka 31 kurudi chuoni kusomea udaktari: kuna aliyeipita njia hii?

Muuguzi wa Kisauni aliuliza:

Assalamu alaykum. Mimi ni muuguzi mwenye diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba cha Kenya, na ninafanya kazi katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya umma hapa Mombasa. Nina umri wa miaka 31, nimeolewa, na nina mtoto mmoja wa chekechea. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata wastani wa B, na biolojia na kemia nilizifaulu vizuri, lakini wakati ule nyumbani hapakuwa na uwezo wa kulipia masomo marefu, nikaingia uuguzi, na kazi nimeipenda. Hata hivyo wazo la udaktari halijaniacha, na hunijia zaidi katika zamu za usiku, pale ninapomwona mtoto anabadilika, ninajua linalotakiwa kufanywa, na bado hunibidi kumngoja daktari aje aandike. Mume wangu ameniunga mkono. Mama ndiye anayesema kwamba kazi ya kudumu haiachwi. Ningependa kujua kama diploma yangu itanipunguzia miaka ya masomo, na kwa wale waliokwisha kuvuka, ni jambo gani lililowalemea zaidi?

Daktari, zamani muuguzi, alijibu:

Wa alaykum salaam, dada. Miaka haipungui. Masomo ya MBChB, yaani shahada ya kwanza ya udaktari, huchukua miaka 6 katika vyuo vikuu vyetu vingi, kisha kuna mwaka mmoja wa mafunzo kazini, ambamo unazungushwa tiba ya jumla, upasuaji, watoto na uzazi kabla ya kupewa leseni kamili. Diploma ya uuguzi inaweza kukufungulia mlango wa kuomba nafasi, lakini alama zako za KCSE nazo zitaangaliwa, hasa biolojia, kemia, na fizikia au hisabati. Kwa hiyo anza kwa kuthibitisha masharti ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno pamoja na ya chuo chenyewe, kabla hujamwambia mtu yeyote kazini.

Ukiingia, utaketi darasa moja la anatomia, biokemia na fiziolojia na vijana waliotoka shuleni juzi, na katika miaka hiyo ya mwanzo uuguzi hautakufaa sana. Hakuna atakayekuuliza namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia. Utaulizwa neva fulani inatoka wapi shingoni na inamalizikia kidole kipi, na kijana wa miaka 19 atakushinda kwa kukariri. Mambo hugeuka mnapoingia wodini. Wenzako wanapotetemeka kutafuta mshipa wa mtoto mchanga, wewe ulikwisha kuweka kanula zisizo na idadi, unajua kuzungumza na mama aliyekasirika, na unaisoma chati ya dawa kwa jicho la mtu aliyewahi kuzitoa dawa hizo.

Lakini lililonilemea mimi ni jambo jingine kabisa. Muuguzi hufunzwa kuliona badiliko na kulitolea taarifa mapema, ilhali daktari hutakiwa aamue badiliko hilo ni dalili ya ugonjwa upi miongoni mwa magonjwa kadhaa yanayofanana, kisha aubebe uamuzi wake hata ukienda kombo. Umeandika kwamba unajua linalotakiwa kufanywa. Ninakuamini kwa yale yanayojirudia, kama mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha. Ila ni yule mtoto asiyefuata kawaida ndiye anayesomewa miaka yote hiyo, na mimi ilinichukua muda mrefu kuacha tabia ya kutazama nyuma kumtafuta mtu wa kunithibitishia.

Sista mstaafu wa Tudor alijibu:

Mwanangu, sikukatazi, ila sababu uliyoitoa inanitia wasiwasi. Kumngoja daktari usiku ni shida ya uchache wa madaktari, na ukiwa wewe ndiye daktari wa zamu utakuwa unaitwa na wodi tatu kwa pamoja, huku muuguzi mwingine akikungoja na kunung'unika vilevile. Ikiwa unachokipenda ni watoto, zipo stashahada za juu za uuguzi wa watoto, za wagonjwa mahututi na za figo, ambazo huchukua takriban mwaka mmoja, na ipo shahada ya uuguzi kwa wenye diploma. Muuguzi bingwa wa wagonjwa mahututi husikilizwa, na madaktari wachanga humfuata kumuuliza. Wengi niliowaona wakikimbilia udaktari walikuwa wanaikimbia dharau, na dharau huwafika hata madaktari.

Mhudumu wa tiba shufaa (huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona) alijibu:

Kwa heshima zote, Sista, kusikilizwa nako ni sababu halali. Cicely Saunders wa Uingereza alisomea uuguzi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaumwa mgongo, akahamia ustawi wa jamii hospitalini, na alipotaka kubadilisha namna wagonjwa wanaokaribia kufa wanavyotulizwa maumivu, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya naye kazi alimshauri asomee udaktari, kwa kuwa watu wasingemsikiliza akiwa muuguzi. Aliingia chuo cha tiba akiwa na miaka 33, akafuzu mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice mjini London. Kumpa mgonjwa mofini kwa saa maalumu, bila kungoja maumivu yarudi, ni utaratibu alioutetea kwa nguvu, nasi tunaufuata hadi leo. Ushauri ule ulikuwa wa haki? Haukuwa, maana ujuzi wake haukupaswa kungoja cheo. Lakini yeye alijua hasa anataka cheo hicho kimfanyie kazi gani.

Muuguzi wa Kisauni aliandika:

Ahsanteni sana. Sista, shikamoo, umenigusa penyewe. Nimejiuliza tangu jana kama ningetaka udaktari hata wodi yetu ingekuwa na daktari wa kutosha kila usiku, na jibu ni ndiyo, kwa sababu ninataka kumfahamu huyo mtoto asiyefuata kawaida. Sasa fedha na kazi vinakwendaje?

Daktari, zamani muuguzi, alijibu:

Hapo ndipo wengi hukwama. Nafasi za kupangiwa na serikali huwaendea zaidi wanaotoka shuleni moja kwa moja, hivyo jiandae kwa uwezekano wa kujilipia, na karo ya udaktari kwa anayejilipia hufika mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka. Ulizia mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu. Usiutegemee mwaka wa mafunzo kazini kuwa mwanzo wa mshahara wa hakika, kwani mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulihusu kwa sehemu kubwa kuchelewa kupangiwa na malipo ya madaktari walio katika hatua hiyo hiyo. Omba likizo ya masomo kwa maandishi kabla ya kufikiria kujiuzulu, na usome kwa makini bondi utakayotia saini, yaani mkataba wa kurudi kumtumikia mwajiri baada ya masomo, maana kuna wanaorudi na kukuta wanadaiwa miaka ya utumishi katika cheo kile kile cha uuguzi. Leseni yako ya Baraza la Wauguzi iendelee kuhuishwa muda wote utakaokuwa chuoni: zamu za wikendi katika hospitali za binafsi ndizo zilizonilipia kodi ya nyumba hadi mwaka wa nne, na bila leseni hai hakuna atakayekupa hata moja.