Naomba ushauri: kuapdeti ruta bila kuvuruga settingi

Habari wakuu. Ruta ya dukani kwangu inatumia OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta) toleo la 19.07, nataka niipandishe hadi toleo la 23.05. Bakapu nimeshachukua, lile faili la tar.gz, lipo kwenye flashi. Kinachonitia hofu ni kwamba kuanzia toleo la 21.02 baadhi ya ruta zilihamia DSA (mfumo mpya wa kusimamia poti za ruta) na majina ya poti yakabadilika, hivyo nikirudisha bakapu yote naweza kujifungia nje kabisa. Je, nianze upya, halafu niingize kwa mkono paswedi ya waifai na anwani za kamera 4?

Halafu umeme huku hukatika ghafla. Ruta ya kaka yangu ilikufa katikati ya apdeti, ikabaki taa moja inapepesa. UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme ukikatika) itatosha? Nisaidieni jamani, kamera hizo ndizo ulinzi wangu wa usiku.