"ASEME MWENYEWE"?! Yaani mtu mzima na akili zako unasema hivyo?

Bint Makorora
Wakuu natetemeka. Naandika nikiwa kwenye bajaji, mkiona herufi zimepandana mjue ni mashimo ya barabara na hasira.

Mnamjua yule karani. Simtaji, nikimtaja nitaambiwa nimechafua jina la mtu. Dirisha la kushoto, kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja inayoandika, anaazima yako na hairudi. Kila aliyewahi kuhitaji karatasi Tanga hii anamjua. Wanasema Tanga waja leo warudi leo. Kwake waja leo, warudi Jumatatu, warudi Alhamisi, warudi na kopi mbili.

Leo nimempeleka kaka. Ana ule ugonjwa unaoua mishipa inayopeleka amri kwenye misuli. Ulianza na kidole gumba, spana ikawa inamdondoka, tukamcheka. Sasa mikono hakuna, miguu hakuna, na tangu mfungo uliopita ulimi nao umegoma. Akili yake ipo palepale. Anasikia, anaona, anajua nani kala nyama kwenye mchuzi. Akifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mtoto wa shangazi kamtengenezea ubao wa herufi kwa jalada la faili la plastiki, lile la kuonea upande wa pili. Unalishika kati yenu, yeye anaitazama herufi, wewe unaitamka, anafumba.

Tumekwenda kuomba nini? KIFAA CHA KUSEMEA. Tableti yenye programu ya sauti. Na kiti mwendo chenye egemeo la kichwa, maana hiki tulicho nacho kichwa kinaning'inia kama embe lililosahauliwa mtini. Barua ya daktari iko juu kabisa: mgonjwa hawezi kuongea. Ameisoma. Nimemwona kwa macho yangu, kidole kinapita chini ya mstari kama mtoto wa chekechea. Kafika mwisho. Kainua uso, kamwangalia kaka, mtu wa miaka 54, hata shikamoo hakuna. Kasema:

"Mimi nataka aseme mwenyewe."

ASEME. MWENYEWE.

Angekuwa anasema mwenyewe tungekuja kwako kufanya nini, kununua bajia?

Mama mmoja kwenye foleni kasema astaghfirullah. Hata feni ilisimama, wallahi (umeme ulikatika, lakini ulikatika palepale). Nikamwambia yule wa dirishani, ndugu yangu, hebu rudia barua. Eti ndugu wengi wanakuja kuwasemea wagonjwa kumbe vitu wanataka wao. Basi aseme mwenyewe. Karudia! Mara ya pili polepole, kwa sauti kubwa, akimwinamia kaka kama anaongea na kisima.

Kaka akaangalia ubao. Nikaushika. Herufi tano. Foleni nzima kimya. Yule akauliza, "Kasemaje?" Nikamwambia kakusalimia.

Kahawa Chungu
Chai hii. Tena ina tangawizi na mdalasini.

Ngamiani Kati
Si chai, namjua huyo wa kalamu. Yangu anayo ya bluu tangu mwezi wa tatu. Dada, herufi tano zilisema nini?

Bint Makorora
@Kahawa Chungu njoo nyumbani kaka akuangalie dakika tano bila kupepesa, utataja mpaka deni la dukani.
@Ngamiani Kati inaanza na M. Wa Idi.

Ngamiani Kati
MBUZI 😂😂😂 Mungu ampe maisha marefu huyo kaka.

Mzee wa Mkonge
Ugonjwa huo ndio aliokuwa nao Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza. Waligundua 1963 akiwa na miaka 21, akaambiwa kabakiwa kama na miwili. Kafa 2018. Sauti iliondoka 1985 alipotobolewa koo, wakampa kompyuta ya kumsemea, mwishoni akiiendesha kwa msuli wa shavu tu. Kazunguka dunia anafundisha.

Fundi Sponji
Angepita dirisha la kushoto tusingesikia habari ya shimo jeusi hata moja. "Profesa, aseme mwenyewe."

Kahawa Chungu
Mimi nasema punguzeni makasiriko. Utaratibu ni utaratibu. Subirini miezi sita mtapewa.

Bint Makorora
MIEZI SITA? Daktari katuambia wengi ni miaka 2 hadi 5 tangu dalili zianze. Tuliomba fimbo, fimbo ilipokuja mkono ulikuwa haushiki. Yuko nayo mjomba, anafukuzia kuku. Tableti leo ataiendesha kwa shavu, kesho shavu nalo likigoma, macho ndiyo huwa yanabaki mwisho, na za kuendesha kwa macho ndizo za bei ya nyumba. Na mtu anakaa kwenye kiti kinachozunguka, ambacho kaka angekihitaji kuliko yeye, anasema aseme mwenyewe!

Fundi Sponji
Dada pole, ila umeliandika hilo neno mpaka na mimi nimeota linasemwa.

Mama Bajia
Samahani, bajia zimeingiaje hapa? Mimi nauza bajia na kila mteja namwamkia.

Mguu Mmoja Tanga
Afadhali yenu. Kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 sisi wenye ulemavu. Nimefuata fomu ya mkopo, naambiwa nilete uthibitisho kuwa mguu haupo. Nikauliza niulete wapi, nikaambiwa nisiwe mjeuri.

Ngamiani Kati
😂😂 Kalamu nne huyo huyo?

Mguu Mmoja Tanga
Huyu alikuwa na mbili. Labda mwanafunzi wake.

Raskazone Upepo
Mnasahau bajaji. Ukiwa na kiti mwendo wanakutoza abiria wawili. Kiti kinalipa nauli wakuu, na hakijashuka njiani hata mara moja.

Dereva Bajaji Kange
Kiti kinachana sponji. Sponji utanunua wewe?

Fundi Sponji
Mimi nashona, elfu nane tu, nipo Chuda.

Mama Bajia
Elfu nane?? Mwaka jana ulinishonea kwa elfu tano na mpaka leo sponji inatoka pembeni.

Raskazone Upepo
Bint Makorora, kaka yako si ndiye fundi baiskeli aliyekuwa chini ya mwembe, ana redio ya mbao? Namdai pedeli ya Phoenix.

Bint Makorora
Tumefika nyumbani, nimemsomea. Kafumba mara mbili. Hudai.

Raskazone Upepo
Muulize tena, ya kushoto.

Bint Makorora
Anataka ubao. Ngoja.