Kigali na baiskeli za dunia: ilikuwa haki wakati Goma imetekwa?

MPANDA KILIMA
Jambo hili limenikaa kifuani tangu Septemba, leo nalitua. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Yana zaidi ya miaka mia, na yalikuwa hayajawahi kukanyaga Afrika. Nilitazama karibu kila siku. Siku ya kwanza, mbio za kushindana na saa, Mbelgiji Remco Evenepoel alimkuta Mslovenia Tadej Pogačar njiani akampita, ilhali Pogačar alikuwa ametangulia kuondoka kwa dakika mbili na nusu. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Jumapili iliyofuata Pogačar akajibu. Alichomoka zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya mia moja, zilipobaki sitini na kitu yuko peke yake, na Evenepoel akaambulia fedha. Kilomita 267 na nusu, milima ya kupanda ukijumlisha inapita mita 5,000, walianza zaidi ya 160 wakamaliza 30. Na pale kwenye kilima cha Kimihurura, barabara ya mawe, watu wamejipanga pande zote mbili, watoto juu ya mabega ya baba zao, nikaona watu wa kwetu. Nililia, na sioni haya kusema.

Sasa swali. Goma ya Kongo ilitekwa na waasi wa M23 Januari, Bukavu Februari, na Februari hiyohiyo Bunge la Ulaya likapitisha azimio kwamba Rwanda, inayodaiwa kuwa nyuma ya M23, isipobadilika, mashindano yasifanyike Kigali. UCI, chama cha baiskeli cha dunia, haikuyahamisha. Walikuwa sahihi? Mimi nasema ndiyo. Tukingoja nchi ya Afrika isiyo na doa tutangoja hadi kiama. Michezo yenyewe ina watoto wake wa kulea. Hata bingwa wa baiskeli Froome, Mkenya mwenzetu, ilibidi aende Ulaya ndipo ajulikane. Nipingeni kwa hoja.

MWANA WA KIVU
Doa? Umesema doa?

Mimi ni wa Goma, mtaa wa Himbi. Januari ile umeme ulikatika, maji yakakatika, tukawa tunachota ziwani na madumu huku risasi zinalia. Doa ni kitu cha kwenye shati, unakifua kesho. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti zaidi ya moja kuhusu nani yuko nyuma ya M23. Kutoka kwangu hadi mpaka wa Rwanda natembea kwa miguu. Nyinyi mlitazama milima ya Kigali kwenye runinga, mimi ya kwao naiona kutoka mlangoni pangu.

Na baiskeli usinifundishe. Kwetu tuna chukudu, mbao tupu na magurudumu ya mbao, mtu anateremka nayo na magunia ya viazi kutoka vijijini. Tumeijengea sanamu katikati ya mji. Hakuna mtu duniani anayejua mteremko kama kijana wa chukudu.

SHANGAZI WA NYAMIRAMBO
Ndugu wa Goma, pole kwa yaliyokupata, nasema kwa moyo. Lakini Mpanda Kilima hakusema neno baya, alisema hakuna nchi safi. Serikali yetu imekana kila siku kuwa nyuma ya hao watu, na FDLR, waasi wenye mizizi kwa waliotuua 1994, wapo misituni huko kwenu tangu tulipozika ndugu zetu. Hilo hamlitaji kamwe.

Ninachotaka kusema ni kuhusu hao wa Ulaya. Wiki moja kabla ya Kigali, tarehe 14 Septemba, Vuelta, mbio kubwa za Hispania, ilishindwa kumalizika Madrid kwa sababu waandamanaji wa Palestina waliifunga barabara wakiikataa timu ya Israel-Premier Tech. Kule Bilbao pia siku moja ilikwisha bila mshindi wa hatua. Hakuna bunge lililosema Hispania inyang'anywe mbio. Sisi shule za Kigali zilifungwa wiki nzima, wafanyakazi wa serikali wakafanyia kazi nyumbani, barabara zikafagiliwa usiku, na hakuna mbio hata moja iliyokatika. Tuliandaa vizuri kuliko hao wanaotuhukumu. Hilo tu nataka likubaliwe.

KAMBA YA BREKI
Ngojeni kidogo. Kuna mahali nimeruka nikarudi. "Froome, Mkenya mwenzetu."

Mwenzetu wa nani? Chris Froome alizaliwa Nairobi 1985, ndiyo. David Kinjah alimfundisha kuendesha kule Kikuyu, ndiyo, akala ugali wa Kinjah na kulala chini ya paa la Kinjah. Halafu 2008 akachukua leseni ya Uingereza. Tour de France mara tano alizoshinda alishinda chini ya bendera ya Uingereza. Kenya ilipata nini? Hata barabara moja ya baiskeli?

NYERI KWETU
Mara nne. 2013, 2015, 2016, 2017. Kama unataka kumhukumu mtu mpe kwanza hesabu yake sawasawa.

Na usianzie 2008, anzia 2006. Mwaka ule alivaa jezi ya Kenya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne, yeye na Kinjah pamoja. Halafu mashindano ya dunia Salzburg alijiandikisha mwenyewe, akatumia baruapepe ya mkuu wa chama chetu kutuma jina lake, kwa kuwa hakuona mtu mwingine wa kumwandikisha. Akaenda peke yake bila kocha, bila fundi. Akatoka mstarini na kumgonga afisa wa mbio, wakaanguka wote wawili. Huyo ndiye aliyeiwakilisha Kenya! Kijana anayelazimika kujituma barua kwa jina la mkubwa wake ili aivalie nchi jezi, halafu unamuuliza kwa nini aliondoka?

KAMBA YA BREKI
Nimekosea hesabu, nakubali. Nne. Haibadilishi kitu.

Babu zake Waingereza, pasipoti ilikuwa mkononi, njia ilikuwa wazi. Kinjah hakuwa na njia hiyo, na milima ya Kikuyu ilimjua Kinjah kabla ya kumjua Froome. Ukweli unaoniuma ni huu. Agosti 2022 Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alianguka kwenye mbio za changarawe Vermont, Marekani, akafa. Huyo 2017 alimaliza wa tatu Tour du Rwanda, damu ya Kenya, na ndoto yake ilikuwa kuwafungulia njia vijana wa hapa. Ni wangapi humu waliandika "mwenzetu" siku ile? Niliperuzi usiku kucha. Kimya. Leo Froome ndiye mwenzetu.

MPANDA KILIMA
Kamba, neno la Froome lilikuwa la kupita tu. Tafadhali, mada ni Kigali.

NYERI KWETU
Si la kupita. Mimi Kangangi nilimlilia, usinihesabu kwenye hao waliokaa kimya. Lakini kumpenda Kangangi hakunilazimishi kumkana mwingine. Mtu anaweza kuwa na mama wawili.

KAMBA YA BREKI
Mama wawili sawa, lakini medali zote alipeleka kwa mmoja.

JANGWANI DAMU
Mnamgombea Froome bure. Tatizo ni hela, na hela inafuata siasa. Hapa Tanzania 2023 ilianza Goli la Mama, rais akaanza kutoa milioni tano kila Simba au Yanga wakifunga kimataifa. Kenya wakati wa CHAN 2025, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Ruto aliahidi kila mchezaji milioni moja za Kenya kwa kila ushindi. Nataja nchi mbili, marais wawili, mpira mmoja. Nani amewahi kusikia shilingi ya Ikulu ikimfuata mpanda baiskeli? Rwanda wao wameamua. Waliandika Visit Rwanda mkononi mwa jezi ya Arsenal kuanzia 2018, wakaenda Paris, wakaenda Munich, halafu wakaileta baiskeli nyumbani. Mwana wa Kivu anaita kujisafisha, na sipingi uchungu wake, lakini angalau wana mpango.

MSIMBAZI MOYO
Wewe wa Jangwani, Yanga, unataka kuligusa Goli la Mama baada ya sisi Simba kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tulipofika sisi ndipo ikawa kasoro. Mlipofika nyinyi 2023 lilikuwa baraka.

JANGWANI DAMU
Nani ametaja fainali yenu? Nimesema baiskeli nazo zipewe. Na kama unataka tuongelee uwanjani, tarehe 8 Machi, siku ya dabi yetu, mlikuwa wapi?

MSIMBAZI MOYO
Tulizuiwa mlangoni usiku wa kuamkia mechi, tukiwa na haki ya kufanya mazoezi. Kanuni ipo, isome.

JANGWANI DAMU
Na tarehe 25 Juni mlango ulikuwa wazi. Mbili bila.

MPANDA KILIMA
Jamani. Jamani. Nimeanzisha mada ya mashindano ya dunia.

MZEE WA SWALA
Wanangu, nimesoma kuanzia juu. Niongee la kwangu kisha niwaachie.

Mimi nimezaliwa Shinyanga. Huku Kanda ya Ziwa baiskeli haikuja na runinga. Tumebeba pamba juu yake, tumebeba wagonjwa, tumebeba maharusi. Mashindano yalikuwepo tangu sijaota ndevu, watu wanajaa barabarani wanapiga ngoma, mpanda anapita na Swala au Phoenix ya kawaida, kiti cha nyuma amekifungua apunguze uzito, miguu peku. Nilishiriki mara nne. Mara ya mwisho nilishika nafasi ya tatu, kilomita mia na zaidi, na kampuni iliyodhamini iliahidi baiskeli mpya kwa watatu wa kwanza. Nilipewa fulana na kofia. Nikaambiwa baiskeli zinakuja na lori. Nilikaa pale ofisini kwao siku tatu, nikauza saa yangu nipate nauli ya kurudi. Lori sijaliona hadi leo.

Kwa hiyo nilipowaona wale vijana wa Kiafrika Kigali, baiskeli zimetengenezwa kwa kaboni, gari la timu liko nyuma na magurudumu juu yake, sikujiuliza siasa ya nani. Nilijiuliza kama mguu wangu wa mwaka ule ungeweza kumfuata yule Mslovenia hata kwenye kilima kimoja. Naamini ungeweza, kilima kimoja.

NYERI KWETU
Mzee, nakuamini. Biniam Girmay naye wa Eritrea alianzia barabara za kawaida. 2022 akashinda Gent-Wevelgem, 2024 akashinda hatua tatu za Tour na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza. Na hakubadilisha bendera.

KAMBA YA BREKI
Asante. Hakubadilisha bendera. Umelisema kwa mdomo wako.

NYERI KWETU
Na Eritrea wana mbio tangu 1946 na chama kinachopeleka vijana nje. Angekuwa Mkenya angejituma barua.

MPANDA KILIMA
Mzee wa Swala amenifungua macho. Labda swali nililouliza si lenyewe. Labda niulize hivi: baada ya Kigali, nani atalipia vijana wetu wafike kule? UCI? Serikali? Maana mashindano yamekuja na kuondoka, nyota kama Van der Poel, Vingegaard na Van Aert hawakuja, na sisi huku hatuna hata barabara moja ya...

MWANA WA KIVU
Hapana. Simama hapo.

Nimekaa kimya kurasa zote hizi. Nimesoma Froome, nimesoma Simba na Yanga, nimesoma lori la mzee, na mzee nimemheshimu. Lakini uliuliza kama ilikuwa haki kuyapeleka Kigali wakati mji wangu umetekwa. Nilikujibu. Wewe hukunijibu, ukaja kujibiwa na dada wa Nyamirambo kuhusu Madrid. Sasa unabadilisha swali liwe la nani alipe. Mwaka 2022 UCI ilizifukuza timu za taifa za Urusi na Belarus baada ya Ukraine kuvamiwa, na timu ya Gazprom ikafutiwa leseni. Ilichukua siku chache. Nataka uniambie, wewe mpenzi wa baiskeli unayelia Kimihurura: kwa nini Kyiv ni vita na Goma ni doa?

SHANGAZI WA NYAMIRAMBO
Kwa sababu Rwanda haijatangaza vita na mtu yeyote.

MWANA WA KIVU
Dada, sikukuuliza wewe.

MPANDA KILIMA
Nakujibu. Nimefikiria tangu jana ndiyo maana nimechelewa.

Neno doa nalirudisha, halikuwa langu kulitamka mbele yako. Kuhusu Urusi sina jibu la kukutosheleza: kanuni ilitumika kule na huku haikutumika, na aliyeamua hakuwa Mwafrika katika mara zote mbili. Lakini bado, na utanikasirikia, bado nasema nafurahi yalifanyika. Nina binti wa miaka kumi na mmoja. Siku ile ya mbio za wanawake Magdeleine Vallieres wa Kanada aliposhinda, mtu ambaye hakuna aliyemtarajia, binti yangu alisimama akaniuliza kama kilima kile kiko mbali na kwetu. Nikamwambia ni siku moja na nusu kwa basi. Kesho yake akaomba baiskeli. Siwezi kutamani siku ile isingekuwepo. Najua unaisoma hii ukiwa wapi.

MWANA WA KIVU
Nipo Himbi. Umenijibu, angalau. Sikubaliani nawe hata nusu.

Mnunulie. Mfundishe kwanza kushuka, kupanda kila mtu anajifunza. Sisi wa chukudu breki yetu ni kipande cha tairi na kisigino.

KAMBA YA BREKI
Mimi bado nangoja mtu anionyeshe alichokileta Froome Kikuyu.